Shamba ya Guka Inaenda Malindi Bila Nauli: Story ya Fanya Juu, Mtaro wa Machakos Wenye Dunia Nzima Iliiga

Kama umewahi kwenda Malindi mwezi wa tano ukitarajia kupiga picha na maji ya bluu, unajua vile roho huvunjika. Bahari inakaa chai ya kibanda. Watu wa huko hawashangai. Watakuonyesha tu kidole upande wa Mambrui, mahali Mto Sabaki unamwaga maji, na story inaisha hapo.

Sasa skia. Sabaki ni jina la mwisho la mto wenye ulianza huku juu ukiitwa Athi. Hata Nairobi River yetu, ile ya plastiki na harufu, inaingia Athi. Athi inazunguka Ol Donyo Sabuk, inapita Machakos na Makueni, ikishapatana na Mto Tsavo inabadilisha jina inakuwa Galana, halafu mbele inakuwa Sabaki. Ile rangi ya chai haikutengenezwa Malindi. Ni udongo. Ni shamba ya guka wa mtu, imeshuka kutoka Ukambani hadi Bahari Hindi bila kulipa nauli.

Najua unajiuliza mbona tunaongea mambo ya shamba kwa site ya udaku. Rada ni hii: nusu ya wasee wanasoma hapa wako na ploti au eka mbili za familia mahali. Wengine wenu mnatuma doh kila msimu mathe anunue mbegu na mbolea. Na wengine mnangoja tu siku mtagawiwa. Swali ni moja, mtagawiwa nini? Karatasi ya hatimiliki inaweza kuwa imekaa poa kwa kabati na udongo wenyewe ulishahama kitambo.

Hesabu ya kanta

Wacha tufanye hesabu ndogo, na mimi niliachia chuo njiani kwa hivyo usiogope, haiumi. Chukua eka moja. Toa udongo wa unene wa milimita moja tu, hiyo ni kama unene wa kadi ya ATM na kitu kidogo. Eka iko na mita mraba elfu nne na kitu. Zidisha, unapata kama mita 4 za ujazo, na udongo wa shamba mita moja ya ujazo ina kilo kama 1,250. Inakuja karibu tani 5. Kanta moja imejaa hadi inalia, na bado kuna ingine imebaki chini.

Sasa wewe ukiangalia shamba baada ya mvua kubwa, milimita moja utaiona? Huwezi. Ndio maana hii kitu ni hatari. Ingekuwa mwizi anakuja na kanta usiku, kijiji chote kingeamka na marungu. Lakini mvua inabeba kanta nzima mchana, watu wamesimama kwa mlango wakisema asante Mungu, imenyesha.

Na haibebi udongo wowote tu. Maji huchagua. Yanaanza na vitu nyepesi: ile sehemu nyeusi yenye majani yaliyooza, chembe laini za udongo, na mbolea. Mfuko wa mbolea wa ruzuku ulitangazwa 2,500 mwaka wa 2023, na ukiuweka kwa mteremko usiokuwa na kitu ya kuzuia maji, sehemu ya hiyo doh inaenda kulisha magugu ya mto. Chenye kinabaki juu ni mawe na udongo mgumu wa chini, wenye mahindi inamea ikifika magoti inageuka njano. Halafu watu wanasema mbegu zilikuwa feki. Saa zingine ni feki kweli. Saa zingine ni shamba ilishanyolewa.

Vile tone moja hupiga shamba

Wengi wanafikiria mmomonyoko wa udongo unaanza na mafuriko. Unaanza na tone. Tone kubwa la mvua hufika chini na spidi ya karibu kilomita 30 kwa saa, kama boda inaingia mtaa wenye matuta. Likigonga udongo uchi, linapasua donge na kurusha chembe pande zote. Angalia ukuta wa nyumba ya udongo au hata ule wa mawe huko ushago, utaona alama nyekundu chini, imepanda kama futi moja ama mbili. Hiyo ni kazi ya matone.

Chembe zenye zimepasuliwa zinaingia kwa vitundu vya udongo na kuviziba. Juu inakuwa kama imepakwa plasta. Maji yanakosa njia ya kuingia, yanaanza kutembea. Mwanzo ni kama shuka nyembamba ya maji juu ya shamba yote, hata huoni. Halafu yanapata njia zao, vifereji vya upana wa kidole. Vifereji vinakutana. Maji yakiongeza spidi mara mbili, nguvu yake inapanda mara nne, na mteremko mrefu bila kizuizi ndio unayapea hiyo spidi. Mwisho wa siku kuna korongo lenye ng'ombe anaweza kuanguka ndani asionekane.

Ukielewa hiyo mpangilio, unaelewa dawa zote duniani za hii kitu. Ni mbili tu: funika udongo ili tone lisiupige, na katakata mteremko ili maji yasipate spidi. Kila kitu kingine ni style.

Ile streeti ya City Market iko na story

Kama umetembea tao umepita Muindi Mbingu Street, hapo City Market na Jevanjee. Wengi tunajua tu kuna nyama choma na maua. Jina lenyewe ni la jamaa anaitwa Samuel Muindi Mbingu, na story yake inaanza na mmomonyoko wa udongo.

Miaka ya 1930 Ukambani ilikuwa imeharibika vibaya. Milima ya Machakos ilikuwa makorongo na udongo mwekundu uchi. Wakoloni walikuja na ripoti zao, mwaka wa 1937 afisa wao wa udongo, Colin Maher, akaandika kuhusu hiyo reserve akiwa amekata tamaa. Lawama yote ikaangukia Wakamba na ng'ombe wao. Kitu chenye hawakupenda kusema kwa sauti ni kwamba walikuwa wamechukua sehemu nzuri, kama Mua Hills, wakapea masetla, halafu wakafungia wenyewe kwa eneo dogo na mifugo yote. Ukifungia wasee kumi kwa bedsita, usiwaulize mbona sakafu imechakaa.

1938 serikali ikaamua dawa ni kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Ng'ombe wakachukuliwa na kuuzwa bei ya kutupa, na wakati huo huo kiwanda cha nyama kilikuwa kimefunguliwa Athi River na kilikuwa kinataka nyama ya bei rahisi. Hiyo iliwasha moto. Maelfu ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walitoka Machakos kwa miguu hadi Nairobi kudai kuona Gavana. Walikaa hapa wiki kadhaa. Muindi Mbingu alikuwa mbele. Alishikwa akahamishwa Lamu, lakini ile kampeni ya kuuza ng'ombe kwa lazima iliachwa kabla mwaka kuisha. Maandamano ya Nairobi hayakuanza na kizazi chetu, mnaona.

Baada ya Vita Kuu ya Pili wakarudi na mpango mwingine: kuchimba mitaro kwa lazima. Chifu anapiga filimbi, watu wanatoka. Kule Murang'a, 1947 na 1948, wanawake walichoka wakagoma, wakashikwa, wakapigwa faini. Na si eti hawakujua udongo unaenda. Walikuwa wanachimba asubuhi kwa amri ya mtu mwingine, kwa mtindo wenye hawakuchagua, na mashamba yao yanangoja. Kazi ya aina hiyo haidumu. Uhuru ulipokuja 1963, sehemu nyingi watu waliacha mitaro ijifukie yenyewe, kwa sababu ilinuka ukoloni.

Lakini Machakos kitu tofauti kilitokea. Kwa zile mitaro za wakoloni, nyingi zilikuwa za kuchimba na kurusha udongo chini ya mteremko. Ni rahisi, udongo unashuka wenyewe, lakini ile mitaro inajaa haraka na inapasuka. Miaka ya 1950 ikaanza kuenea ile ingine: unachimba mtaro, unarusha udongo juu. Kazi ngumu kiasi, lakini iko na ujanja wake, nakuja hapo. Watu wakaanza kupenda vile mahindi na kahawa zilikaa juu ya hizo ngazi. Vikundi vya mwethya, ile desturi ya Kikamba ya majirani kusaidiana kazi kwa zamu, vikaingia. Na tusidanganyane, wengi wa hao walikuwa wanawake. Leo kwa shamba yako, wiki ijayo kwa yangu.

Doh ilitoka wapi ya jembe, ya mbegu, ya kulipa vibarua? Sehemu kubwa ilitoka Nairobi. Mabwana na vijana wenye walikuwa wameandikwa kazi huku tao, jeshini, kwa reli, walikuwa wanatuma nyumbani. Kahawa nayo ikaongeza. Kwa hivyo ukituma elfu mbili leo na simu, ujue hiyo njia ilifunguliwa na wazee wako kabla hata simu zenyewe.

Mwaka wa 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kuhusu Machakos, kinaitwa More People, Less Erosion. Walilinganisha picha na rekodi za miaka ya 1930 na za mwisho wa miaka ya 1980. Idadi ya watu ilikuwa imepanda zaidi ya mara tano. Kila mtu wa zamani angetabiri jangwa. Badala yake milima ilikuwa imejaa ngazi, miti imeongezeka, na mavuno kwa kila mtu yalikuwa yamepanda. Wasomi wengine wamebishana na hicho kitabu, wanasema kuna familia masikini ziliachwa nyuma na kwamba kuwa karibu na Nairobi kulisaidia sana. Ni point ya maana. Lakini ngazi ziko, si maneno. Panda gari ya Kangundo au ya Masii wikendi, kaa dirishani, utaziona.

Na hii ndio sehemu inanipea raha. Hiyo mtindo inaitwa fanya juu. Ethiopia wanaita fanya juu. Vitabu vya kilimo vya Kizungu vinaandika fanya juu, hawajatafsiri. Maneno mawili ya Kiswahili yaliyotoka kwa jembe, sasa ni jina la kitaalamu.

Sasa inafanywaje?

Nitakueleza vile susu yangu anafanya kwake, na vile wataalamu wa kilimo pia huelekeza, kwa sababu hawa wawili hawatofautiani sana, isipokuwa susu hapimi kwa futi, anapima kwa hatua zake.

Kitu cha kwanza si jembe. Ni kutafuta mstari wa usawa, yaani mstari wenye unakata mteremko bila kupanda wala kushuka. Macho yako yatakudanganya hapa, niamini. Kifaa chenye watu hutumia ni fito tatu zimefungwa zikakaa kama herufi A. Miguu miwili kama mita mbili kila mmoja, na fito ya kati ya kuunganisha. Kwa kichwa unafunga uzi wenye jiwe, unaning'inia hadi upite ile fito ya kati.

Kuirekebisha ndio ujanja. Simamisha hiyo A mahali kuna mteremko kidogo, weka alama chini mahali miguu imekanyaga, halafu weka alama kwa fito ya kati mahali uzi umepita. Geuza, mguu wa kushoto uende kwa alama ya kulia na wa kulia kwa ya kushoto. Weka alama tena mahali uzi umepita. Katikati kabisa ya hizo alama mbili ndio usawa. Kutoka hapo, unatembeza A kwa shamba kama bikari ya shule. Kila mara uzi ukikaa kwa alama ya katikati, miguu yote iko urefu mmoja, unagonga kijiti chini. Songa. Kijiti. Songa. Ukimaliza utaona vijiti vimepinda pinda vikifuata mlima, havijanyooka. Iko sawa. Mlima haujui rula. Kama uko na fundi wa ujenzi, anaweza kutumia uzi wa mita kumi, fito mbili na pima maji, matokeo ni ile ile.

Halafu unachimba chini ya mstari. Mtaro wa upana wa sentimita 60 na kina cha 60 hivi. Udongo wote unarushwa upande wa juu, unatengeneza tuta. Acha nafasi ya kama shibiri moja kati ya ukingo wa mtaro na tuta, la sivyo mvua ya kwanza itarudisha udongo wote ndani na utalia. Juu ya hilo tuta unapanda nyasi haraka iwezekanavyo. Napier kwa mahali pana mvua, makarikari kwa mahali pakavu. Mizizi ndio simiti ya hii kazi. Na ng'ombe anapata chakula, kwa hivyo ile nafasi haijapotea.

Sasa ule ujanja wenye nilisema. Maji yakishuka na udongo, yanagonga tuta, yanapunguza spidi, udongo unatulia nyuma ya tuta. Msimu wa kwanza kidogo. Wa pili kidogo tena. Kila mwaka unasafisha mtaro na kurusha ile tope juu ya tuta, tuta linapanda. Baada ya miaka kadhaa, sehemu kati ya tuta moja na lingine inakuwa imejilaza yenyewe. Mteremko umegeuka ngazi, na wewe hukubeba udongo wa kusawazisha. Mvua yenyewe ndiyo ilikufanyia kazi ya tingatinga. Ukirusha udongo chini badala ya juu, hii haitokei hivi.

Umbali kati ya mtaro na mtaro unategemea mlima. Kwa mteremko mpole wa asilimia 5, yaani unashuka mita 5 kwa kila mita 100, unaweza kuacha mita kama 20. Ukifika asilimia 15, leta karibu, kama mita 12. Mlima ukizidi kuinama, zinazidi kubanana, hadi mahali inakuwa upuzi kulima. Kanuni za matumizi ya ardhi za 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35. Enda uangalie vile mahindi imepandwa milima mingine, uniambie kama mtu alisoma.

Kitu kimoja watu hukosea ni kuiga ya Machakos mahali haifai. Ukambani ni kukavu, kwa hivyo mtaro unalala sawa kabisa, maji yakae yaingie chini. Ndani ya mtaro wanapanda ndizi au mapapai, na unakuta ndizi imenona mahali mahindi ya jirani imekauka. Lakini kama kwenu ni Murang'a ama Kisii, mvua ni mingi, mtaro uliolala sawa utajaa upasuke. Huko unainamisha kidogo sana upande mmoja, chini ya mita moja kwa kila mita 100, maji yatembee pole pole hadi kwa mfereji wenye nyasi yashuke bila fujo.

Vile ngazi huanguka

Mtaro mmoja ukipasuka juu, kazi imeisha. Maji ya mtaro wa kwanza yanaangukia wa pili ambao tayari umejaa, unapasuka, yote mawili yanaangukia wa tatu. Asubuhi unapata korongo jipya limepita katikati ya shamba kama barabara. Kwa hivyo sehemu ya juu kabisa ya shamba, kabla ya mtaro wa kwanza, kunachimbwa mtaro mkubwa zaidi wa kukata maji yenye yanatoka nje ya shamba.

Na hayo maji ya nje siku hizi yanatoka wapi? Barabara. Ile lami mpya yenye tulishangilia iko na kalvati, na kalvati inamwaga mahali. Mara nyingi inamwaga kwa shamba ya mtu mwenye hakuulizwa. Makueni kuna wakulima wameamua kugeuza hiyo ngori kuwa mali: wanachimba mfereji kutoka kwa barabara, wanaelekeza maji kwa mitaro yao au kwa kidimbwi. Kama barabara inajengwa karibu na kwenu, wakati wa kuuliza kalvati itaangalia wapi ni kabla simiti ikauke.

Kuna pia mambo ya mchanga. Zile nyumba za ghorofa tunapanga huku Pipeline na Kahawa West, mchanga mwingi wa kujengea ulitoka mito ya Machakos, Makueni na Kajiado. Mchanga ukichotwa sana, sakafu ya mto inashuka. Sakafu ikishuka, kila kijito kinachoingia hapo kinaanza kujichimba ili kifikie ule urefu mpya, na korongo linapanda nyuma, linaingia kwa mashamba. Mtu anaamka anaona shamba inakatwa kutoka chini, na ngazi zake ziko sawa. Hapo fanya juu peke yake haitoshi. Unahitaji gabioni, mawe, miti, na serikali ya kaunti yenye haitoki kwa kiti ikiona lori tu.

Lakini kitu chenye kinaua mitaro zaidi, kwa maoni yangu, ni mgao. Baba ana eka nne kutoka juu ya ridge hadi mtoni. Vijana wanne. Ili kila mtu apate barabara juu na maji chini, shamba inakatwa kwa vipande virefu vyembamba vinavyoshuka na mlima, kama vitambaa. Ni haki, sikatai. Lakini mpaka sasa unashuka na maji, na mtaro wa kaka mkubwa unaisha kwa ua la kaka wa pili, ambaye yuko Qatar na hajalima miaka mitatu. Maji yanajaza mtaro, yanatafuta mwisho wake, yanaangukia kwa mpaka. Halafu krisimasi kuna vita kwa familia kuhusu nani alisogeza mawe ya bikoni. Hakuna aliyesogeza. Ziliporomoka. Kama mnagawana mwaka huu, kubalianeni mitaro ipite vipande vyote bila kukatika, hata kabla ya kuita sorveya.

Na wewe wa Nairobi unaingiliaje

Kwanza, unakunywa hii kitu. Maji mengi ya Nairobi yanatoka Aberdares, bwawa la Ndakaini likiwa kubwa kabisa. Mvua ikinyesha vibaya kule Murang'a, mito inashuka na tope, na kusafisha maji machafu kunakula doh na dawa zaidi. Ndio maana 2015 kulizinduliwa mfuko unaitwa Upper Tana-Nairobi Water Fund. Wazo ni rahisi: watumiaji wa maji wa chini wachangie wakulima wa juu wachimbe matuta na kupanda nyasi, kwa sababu kuzuia tope shambani ni rahisi kuliko kulichuja kwa tangi. Stima pia. Masinga, bwawa kubwa la Tana lililokamilika 1981, limekuwa likijaa tope kutoka kwa mashamba ya juu miaka yote hii, na nafasi yenye tope inachukua ni nafasi ya maji yenye yangezungusha mashine.

Pili, si lazima uanze na jembe. Kama mathe hana nguvu ya kuchimba na hauna ya vibarua, kuna vitu za bure. Mwambie asichome mabua baada ya kuvuna. Alaze mistari ya mabua ikikata mteremko. Kama kuna ng'ombe wanayataka, mgawane nusu kwa nusu. Apande maharagwe au njahi kati ya mahindi, majani yafunike chini. Mwenye plau ya ng'ombe alime akikata mlima, si kupanda na kushuka, na hapa utapata upinzani kwa sababu kukata mlima kunachosha ng'ombe na fundi wa plau analipwa kwa eka, hajali. Mlipe kitu kidogo juu. Mstari wa napier upana wa mita moja, bila mtaro wowote, nao ukiachwa miaka kadhaa unaanza kujijengea kingazi.

Ukipata doh ya kuchimba, usijaribu shamba yote. Anza juu, mtaro mmoja, umalize vizuri, upande nyasi. Ushuke kwa wa pili msimu unaofuata. Watu huanza chini karibu na mto kwa sababu ndiko kubaya, halafu mvua moja kutoka juu inafagia kila kitu. Vibarua lipa kwa urefu wa mtaro uliomalizika, na upime kina mwenyewe na fito yenye alama, kwa sababu fundi wa mitaro ni kama fundi wa simu, akijua haujui atakuwekea wa futi moja.

Kwa Ukambani mvua ya maana ni ile ya Oktoba hadi Desemba. Mahindi ya msimu mwingine ikishatoka, Agosti na Septemba, udongo uko wazi, kazi shambani ni kidogo, na mwethya bado zinapatikana vijiji vingi ukiuliza mapema. Susu huanza kutembeza ile A yake wiki ya pili ya Agosti. Anasema anachukua vijana wenye hawajashika simu mkononi, kwa hivyo ukienda, iache kwa nyumba.